Pikipiki ya kuazima: Jifunze gia zake kabla hujampakia mtoto

Mwanza. Ilikuwa saa mbili usiku, Igogo, kule juu ambako nyumba zimejibana katikati ya mawe. Mtoto wa kaka yangu, mwenye miaka kumi, alikuwa anachemka homa tangu mchana. Pikipiki ya kaka ilikuwa kwa fundi, hivyo akaazima ya jirani, akampakia mtoto nyuma, wakaanza kushuka kuelekea Barabara ya Kenyatta waende zahanati.

Hawakufika. Katikati ya mteremko kaka alitaka kupandisha gia kutoka ya pili kwenda ya tatu. Akainua pedali ya gia kwa ncha ya kiatu, kama anavyofanya kila siku kwenye pikipiki yake. Kumbe ya jirani gia zake zimepangwa kinyume. Badala ya kwenda ya tatu, ikarudi ya kwanza. Injini ikapiga kelele, gurudumu la nyuma likaburuzika kwenye changarawe, pikipiki ikalala. Mtoto akaangukia mkono.

Homa ilikuwa malaria, dawa zake akameza siku tatu. Mkono ulikaa kwenye plasta wiki tano.

“Shangazi, kwani baba hajui kuendesha?” aliniuliza nilipokwenda kumjulia hali.

Baba yake anajua. Ana leseni na miaka minane barabarani. Asichokijua ni ile pikipiki, na hakujipa hata dakika kumi za kuijua.

Mguu una mazoea

Wengi tunadhani anayeanguka ni mwanafunzi. Lakini mwanafunzi huwaza kila anapogusa gia. Mzoefu hawazi, mguu wake unakwenda wenyewe. Ndiyo maana pikipiki ngeni inaweza kumponza zaidi.

Pikipiki nyingi mitaani kwetu zina mpangilio wa aina mbili. Katika aina ya kwanza, gia ya kwanza unaikanyaga chini, halafu zinazofuata unainua pedali juu. Katika ya pili, gia zote unazikanyaga mbele moja baada ya nyingine, na ukiinua unashusha. Zipo pia zenye pedali ndefu ya kukanyaga kwa vidole mbele na kwa kisigino nyuma. Hapo kisigino kinafanya kinyume cha vidole. Na zipo ambazo gia huzunguka: zikiwa zimesimama, ukipita ya mwisho unarudi kwenye gia huru, yaani nyutro.

Klachi nazo hazifanani. Moja inashika ukiiachia kidogo tu, nyingine mpaka vidole vikaribie kunyooka. Usipojua inaposhika, pikipiki itazima au itaruka mbele, na aliyekaa nyuma atarudi nyuma kwa kishindo.

Dakika kumi na tano peke yako

Mkono wa mtoto ulipopona, mimi na kaka tulikwenda asubuhi ya Jumapili kwenye uwanja tambarare na dereva mmoja mkongwe wa bodaboda. Mimi ndiyo kwanza najifunza; kaka alikwenda kujifunza upya. Haya ndiyo aliyotufundisha.

Kwanza, muulize mwenye pikipiki: gia ngapi, na zinakwenda upande gani? Kisha hakikisha mwenyewe. Injini ikiwa imezimwa, vuta klachi, isukume pikipiki mbele na nyuma kidogo huku ukibadilisha gia, na uhesabu kwa sauti. Angalia taa ya nyutro kama inawaka.

Pili, tafuta klachi inaposhika. Washa, weka gia ya kwanza, usiongeze mafuta. Iachie klachi polepole mpaka pikipiki ianze kujivuta, kisha ivute tena. Rudia mara kumi. Mkono wangu ulichoka, lakini baada ya hapo pikipiki haikunizimia tena.

Tatu, kupandisha gia. Punguza mafuta, vuta klachi, sukuma pedali mara moja mpaka mwisho, halafu iachie klachi taratibu huku ukirudisha mafuta. Kosa langu lilikuwa kuiachia klachi ghafla. Mzee alitwambia abiria asihisi gia inapobadilika. Akihisi, klachi imeachiwa vibaya.

Nne, kushusha gia. Hapa ndipo kaka alipoangukia. Punguza mwendo kwa breki kwanza, shusha gia moja moja, na iachie klachi polepole zaidi kuliko unapopandisha. Ukishusha gia ukiwa bado na kasi, gurudumu la nyuma linashikwa na injini na linaweza kuteleza.

Tano, kilima, na Igogo hatuna namna ya kukikwepa. Kuondoka mlimani, shikilia kwa breki ya mguu, iachie klachi mpaka uhisi inavuta, ongeza mafuta kidogo, ndipo uachie breki. Kushuka, tumia gia ndogo ili injini isaidie kuzuia. Usiteremke kwenye nyutro ili kuokoa mafuta.

Mwisho, mpakie mtu mzima mfupi wa safari mzunguke pale pale uwanjani. Uzito wa nyuma hubadilisha breki na klachi.

Kabla usiku haujafika

Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Hapa Mwanza, utafiti wa madaktari wa Bugando uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kuwa majeruhi wa pikipiki huumia zaidi mifupa na kichwa. Kwa hiyo kofia ngumu ni ya dereva na ya mtoto pia, yenye kumtosha na kufungwa kidevuni. Na kanuni za usafirishaji za mwaka 2010 zilikataza bodaboda kubeba mtoto wa chini ya miaka tisa.

Mtoto akizidiwa usiku, hakuna mzazi atakayekaa uwanjani kuhesabu gia. Kazi hiyo ifanyike mapema. Kama kuna pikipiki ya jirani au shemeji ambayo unajua siku moja utaiazima, iombe Jumapili hii, mchana, ukiwa peke yako. Ukikutwa hujawahi kuigusa, mwombe mwenyewe aendeshe, nawe ufuate kwa nyingine.

Kaka sasa akishika pikipiki ya mtu, huanza kwa kuinama na kuibonyeza pedali kwa mkono, akihesabu. Mwanawe husimama pembeni na kofia yake, na hapandi mpaka baba amalize kuhesabu.