Kupima Pumzi ya Mtoto: Mambo Yampasayo Mzazi Kuyafahamu

Katika familia zetu wamo watoto wanaokohoa usiku na kubanwa kifua kila majira ya baridi, wakatibiwa nimonia mara kwa mara, kumbe wana pumu. Daktari anaposhauri mtoto apimwe mapafu, baadhi ya wazazi huingiwa na hofu. Ndiyo maana tumeona vema kukieleza kipimo hicho.

Kipimo kinachotumika zaidi huitwa spirometria. Mwaka 1846 tabibu Mwingereza John Hutchinson alikieleza chombo chake cha kupimia pumzi, na msingi wake ungali uleule. Mtoto hubanwa pua kwa kibanio, huvuta hewa hadi mapafu yajae, kisha hupuliza kwa nguvu zote ndani ya mrija mpaka pumzi imwishie. Mashine hupima hewa yote iliyotoka, na ile iliyotoka katika sekunde ya kwanza. Njia za hewa zikiwa zimebana, sekunde hiyo hutoa hewa kidogo. Matokeo hulinganishwa na ya watoto wenye afya wa umri, jinsia na kimo kama chake. Kisha huvutishwa dawa ya salbutamol, na baada ya dakika 15 hivi hupuliza tena. Pumzi ikiongezeka sana, hiyo ni dalili nzito ya pumu. Hakuna sindano wala maumivu.

Ugumu uko kwa walio wadogo zaidi, kwa sababu kupuliza huko kunadai usikivu na juhudi. Wengi hukuweza wafikapo miaka 5 au 6, wakielekezwa kwa mchezo, kana kwamba wanazima mishumaa. Kwa walio chini ya umri huo, daktari hutegemea zaidi maelezo ya nyumbani: mtoto hukohoa saa ngapi? Jikoni kuna moshi? Nani katika ukoo ana pumu? Hapo mzazi ndiye shahidi mkuu. Basi aandike anayoyaona.

Tukumbuke pia kwamba pumu huja na kuondoka. Matokeo mazuri ya siku moja hayathibitishi kwamba haipo, wala hayampi mzazi ruhusa ya kuacha dawa bila shauri la daktari.

Sala na tiba hazishindani. Kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 38, chatufundisha kumheshimu tabibu. Basi tuwaombee watoto wetu, na tuwapeleke wakapimwe.