Majani ya Mwarobaini na Vidonda: Pima Kwanza, Lebo Baadaye



Kuna kijana ninayemtembelea shambani, juzi kanionyesha bidhaa yake mpya: unga wa majani ya mwarobaini, pakiti safi kabisa, lebo imeandikwa "Huponya vidonda, hutoa uvimbe". Nikamuuliza, umejuaje? Akasema, "Bwana shamba, nilimpaka mbuzi, wiki mbili kidonda kikafunga."

Hapo ndo wengi tunakosea. Kidonda kidogo kikitunzwa safi hufunga chenyewe. Swali ni hili: je, kimefunga haraka kuliko ambavyo kingefunga bila dawa?

Maabara wanapimaje?

Majani hukaushwa, husagwa, kisha hulowekwa kwenye maji au spiriti. Yakichujwa na kimiminika kukaushwa, kinachobaki ndiyo dondoo. Dondoo huchanganywa kwenye mafuta ya kupaka kwa kipimo kinachojulikana.

Panya wa maabara hupewa ganzi na kuwekewa vidonda vya ukubwa sawa. Kundi moja hupakwa mafuta matupu, la pili dawa ya hospitali, la tatu dondoo. Kila baada ya siku kadhaa kidonda hupimwa upana. Dondoo ikishinda mafuta matupu, hapo kuna jambo.

Kwa uvimbe, panya huchomwa sindano ya karajinani kwenye unyayo. Karajinani hutoka kwenye mwani mwekundu, kama ule unaolimwa Zanzibar. Unyayo huvimba ndani ya saa chache, na watafiti hulinganisha waliopewa dondoo, waliopewa dawa kama diklofenaki, na wasiopewa kitu.

Dondoo za mwarobaini zimewahi kuonyesha matokeo mazuri kwenye vipimo vya namna hii. Lakini panya si mtu, na dondoo ya maabara si unga wako. Tena "asili" haina maana ya "salama": mafuta ya mbegu za mwarobaini yamewahi kudhuru watoto wadogo walionyweshwa.

Wewe mkulima fanya haya

1. Hakikisha ni mwarobaini kweli. Mmelia unafanana nao, na matunda yake ni sumu.
2. Usivune kwenye miti iliyopuliziwa dawa za wadudu au iliyo kando ya barabara yenye vumbi.
3. Kausha kivulini juu ya chanja, tandaza kwa wembamba, geuza kila siku. Jani likivunjika kwa mkono, limekauka. Likiwa na unyevu, utapata ukungu.
4. Andika tarehe na eneo la kuvuna kwa kila mzigo. Mnunuzi makini atakuuliza.
5. Ukitaka kuuza kama dawa, anzia Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala upate usajili. Kwa upande wa utafiti, ipo Taasisi ya Tiba Asilia pale Chuo Kikuu cha Muhimbili.

Na tafadhali, usijaze unga kwenye kidonda kibichi. Kioshe kwa maji safi na sabuni. Kikiwa kirefu au kimechafuka na udongo, nenda kituo cha afya. Pepopunda haina mzaha.

Yule kijana amebandua lebo zote. Imemuuma, maana alishalipia uchapishaji. Lakini mteja akidhurika na ahadi uliyoandika wewe, hasara yake ni kubwa kuliko lebo.

Kazi njema shambani.