Bomba la moshi likiacha kuvuta

Makaa hayatoi moshi mwingi, na hapo ndipo yanapoponza watu. Jiko la kuni likikosea, macho yawasha na kila aliye jikoni anakohoa. La makaa likikosea, dalili ya kwanza huwa ni kichwa kuuma, kisha kizunguzungu na kichefuchefu, kwa sababu kaboni monoksidi, gesi ya sumu inayotolewa na makaa, haina rangi wala harufu. Kwa hiyo mwenye jiko la kujengea lenye bomba, awe Ukunda au Msambweni, hawezi kutegemea macho wala pua. Sharti ajue bomba lake linavuta au halivuti.

Kinachovuta ni tofauti ya uzito wa hewa. Ndani ya bomba lenye joto la nyuzi 200, mita moja ya ujazo wa hewa ina uzito wa gramu 750 hivi. Nje, kwenye nyuzi 30 zetu za kila siku, inakaribia gramu 1,165. Hewa nzito ya nje huisukuma ile nyepesi juu. Bomba la mita 3 hapo hutoa mvuto wa paskali 12 hivi, nguvu inayotosha kuinua maji milimita 1.2 tu. Nguvu ndogo kiasi hicho huharibiwa na kitu kidogo.

Na huku pwani kitu hicho ni kutu. Chumvi ya bahari hula bati kwenye maungio na chini ya kofia, mahali ambapo hatuangalii. Tundu likitokea, hewa baridi huingia, bomba hupoa, mvuto hufifia, na jiko lenyewe laonekana zima kabisa.

Kipimo changu ni kijiti cha udi. Jiko likishashika, kiweke mbele ya mlango wa majivu: moshi wake uingie ndani moja kwa moja, bila kusita. Kisha kipitishe polepole kwenye kila ungio la bomba. Moshi ukinyonywa kwenye ungio, hapo pana tundu, mwite fundi bati. Ukisukumwa kuja kwako, hewa chafu inarudi jikoni: fungua milango na madirisha, toa watu nje.

Mara nyingi anayeirudisha ni upepo. Kusi ikivuma kutoka baharini hugonga paa na minazi, kisha hushuka upande wa pili na kuuziba mdomo wa bomba. Bomba lizidi kwa sentimita 60 kitu chochote kilicho ndani ya mita 3 kutoka kwake, na liwe na kofia. Halafu kaskazi inapoingia, pima upya, maana upande uliokuwa na kinga sasa ndio unaopigwa. Bomba kupenya kwenye paa la makuti mimi siliafiki hata kidogo. Cheche moja yatosha. Jiko la bomba na likae chini ya bati, mbali na nyumba ya makuti.

Asubuhi za masika bomba huwa limejaa hewa nzito ya baridi. Choma kwanza karatasi au makumbi makavu karibu na shingo ya bomba mpaka lianze kuvuta, ndipo uwashe makaa.

Wakati wa kuwasha, acha kila kitu wazi. Makaa yakishakuwa mekundu, punguza moto kwa mlango wa majivu peke yake, kidogo kidogo, huku udi ukikuonyesha kwamba hewa bado inaingia. Kuziba juu, kwenye bomba, ili makaa yadumu usiku ni kuirudisha sumu kwa waliolala. Kama bomba lina kilango ndani, fundi akitoboe ili kisiweze kuziba kabisa.

Saa ya kuogopa zaidi ni baada ya chakula cha usiku. Moto umefifia, bomba limepoa, mvuto umekwisha, na makaa yaliyofunikwa na majivu bado yanatoa kaboni monoksidi. Ndiyo saa watu wanayofunga mlango wa jiko na dirisha. Yazoe makaa hayo kwa koleo, yapeleke nje na uyazime kwa mchanga, hata kama kesho utayahitaji.