Karatasi Iliyotupwa Dirishani Syokimau

Wako wasomaji watakaotuuliza kwa nini safu hii, ambayo aghalabu hushughulika na nauli za meli, bei ya samaki na uhaba wa maji ya bomba, leo inatoa nafasi kwa kesi ya mauaji ya bara ambayo hukumu yake imekwisha kutolewa. Jawabu letu ni fupi. Watu watatu walitoka mahakamani mchana kweupe, wakiwa wameitika wito wa sheria kama inavyompasa kila raia, na usiku wa siku ile ile wakauawa na askari wa Serikali. Jambo kama hilo haliwi la bara peke yake.

Tunazungumzia kadhia ya wakili Willie Kimani, mteja wake aliyekuwa mwendesha pikipiki za abiria, na dereva wa teksi aliyewachukua siku hiyo. Ilianzia katika mji wa Mavoko, wilaya ya zamani ya Machakos ambayo leo ni kaunti, kwenye barabara kuu itokayo Mombasa kwenda Nairobi. Msafiri wa pwani anapajua mahali hapo hata kama jina halijui. Ni pale penye viwanda vya saruji, kisha Mlolongo, ambako malori hupanga foleni kwenye mizani na abiria wa basi hujinyoosha miguu akijua kwamba safari imekaribia kwisha.  Hakimu, karani, wakili, askari na mshitakiwa hukutana mahakamani asubuhi, na jioni hupitana sokoni.

Katika mwezi wa Aprili 2015, askari mmoja wa polisi wa utawala, Fredrick Leliman, wa kambi ya Syokimau, alimpiga risasi ya mkononi yule mwendesha pikipiki. Kosa la namna hii laweza kutendeka, hata kwa bahati mbaya, na Serikali yoyote iliyo timamu ina njia ya kulishughulikia: askari hueleza, mjeruhiwa hutibiwa, wakubwa huchunguza. Haikuwa hivyo. Aliyejeruhiwa ndiye aliyegeuzwa mshitakiwa. Alifunguliwa mashtaka, na baadaye yakaongezwa mengine ya makosa ya barabarani, na tangu hapo akawa mtu wa kwenda na kurudi mahakamani.

Hata hivyo kijana huyu hakunyamaza. Alipeleka malalamiko yake kwa Mamlaka Huru ya kusimamia mwenendo wa polisi, chombo kilichoundwa Kenya kwa sheria ya mwaka 2011, na shirika la kimataifa la kutetea haki, International Justice Mission, likampa wakili. Wakili huyo alikuwa Kimani. Tunaomba msomaji alipime jambo hili kwa makini, kwa maana hapa ndipo penye kiini cha mambo yote yaliyofuata. Sheria ilimwambia raia: ukionewa na askari, mlango huu hapa, bisha. Akabisha. Lakini mlalamikaji huyo aliendelea kuishi, kufanya kazi na kuitwa mahakamani katika eneo lile lile alilofanyia kazi askari aliyemshitaki. Kila tarehe ya kesi yake ilikuwa imetangazwa, saa na mahali vikijulikana. Aliyetaka kumvizia hakuhitaji mpelelezi.

Siku ya Alhamisi, tarehe 23 Juni 2016, wakili na mteja wake walihudhuria kesi katika mahakama ya Mavoko, wakatoka, wakapanda teksi yao kurejea. Hawakufika mbali. Walikamatwa njiani na kupelekwa kambini Syokimau, wakafungiwa katika kontena, yaani sanduku la chuma la kubebea mizigo melini, lililogeuzwa kuwa chumba cha mahabusu. Sisi tunaoishi karibu na bandari twajua joto la sanduku hilo likipigwa na jua. Twajua pia kuwa halikutengenezwa kwa ajili ya binadamu, wala mkuu yeyote anayelikagua kambini hawezi kudai kuwa hakuliona.

Majina yao hayakuandikwa katika kitabu cha matukio. Hakuna shitaka lililotajwa wala wakili aliyejulishwa, na jamaa zao hawakuitwa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu chake cha 49, inamtaka askari amweleze aliyekamatwa sababu ya kukamatwa kwake, amwachie awasiliane na wakili, na amfikishe mahakamani kabla ya saa 24 kupita. Hapa aliyekamatwa alikuwa wakili mwenyewe. Alikijua kifungu hicho kwa moyo, na ndani ya lile sanduku hakikumfaa kitu.

Ndipo mmoja wao alipoandika kwenye karatasi nyepesi ya chooni ujumbe wa kueleza kuwa wako hatarini, pamoja na namba ya simu ya nyumbani, akairusha nje kwa tundu la dirisha. Mpita njia akaiokota. Mtu yule hakuwa askari wala ofisa. Hakulipwa mshahara wa kulinda usalama wa raia. Angeweza kuitupa na kwenda zake, maana nani katika dunia hii apendaye kujiingiza katika mambo ya kambi ya polisi? Lakini alipiga simu. Habari ikawafikia jamaa na wenzao kazini, nao wakaanza kutafuta.

Usiku ule watatu hao walitolewa mmoja mmoja, wakauawa katika uwanja ulio wazi huko Mlolongo. Miili yao ilitiwa magunia ikatupwa katika mto wa Ol Donyo Sabuk, na ilionekana baada ya juma moja. Teksi iliachwa Limuru, upande wa pili kabisa wa Nairobi, ili wanaotafuta wapoteze njia. Dereva wa gari hilo hakuwa na ugomvi na mtu. Hakuwa shahidi wala mlalamikaji. Alikuwa ameajiriwa safari ya siku moja, naye tunamtaja hapa kwa makusudi, kwa kuwa katika maandiko mengi yaliyotolewa juu ya kadhia hii yeye huja mwisho wa sentensi, kama mzigo uliosahauliwa garini.

Mwanzoni mwa Julai 2016 mawakili wa Kenya waliandamana wakiwa na majoho yao na wakasusia mahakama kwa siku kadhaa. Wapo waliowalaumu wakati ule kwamba wanawaadhibu washitakiwa wanyonge kwa kosa la askari. Lawama hiyo ina uzito wake na hatuipuuzi. Lakini twasema kuwa wakili asiyeweza kutoka mlango wa mahakama akafika nyumbani salama hana msaada wa kumpa mnyonge yeyote, na pengine siku zile chache za kimya mahakamani ziliwafahamisha wakuu wa nchi jambo ambalo barua elfu zisingelifahamisha.

Kesi ilichukua miaka sita. Hatukusudii kuisimulia yote. Askari wanne walishitakiwa pamoja na raia mmoja aliyekuwa mpasha habari wa polisi, ambaye maelezo yake ya kuungama, yaliyozua mvutano mkubwa mbele ya mahakama, ndiyo yaliyofungua fundo la nani alikaa wapi na nani alishika nini usiku ule. Mashahidi 46 walitoa ushahidi. Kumbukumbu za simu zilionesha mienendo ya washitakiwa hatua kwa hatua, na hapa pana jambo la kuwafikirisha watumishi wenye mamlaka: wale waliokuwa na uwezo wa kukifanya kitabu cha matukio kinyamaze hawakuweza kuinyamazisha mitambo ya simu.

Tarehe 22 Julai 2022 Jaji Jessie Lessit, ambaye wakati huo alikuwa amekwisha kupandishwa Mahakama ya Rufani na akarudi kuikamilisha kazi aliyoianza, aliwatia hatiani askari watatu na yule mpasha habari. Askari wa nne aliachiliwa. Tarehe 3 Februari 2023 zikatolewa adhabu: Leliman kifo, askari wa pili miaka 30, askari wa kike miaka 24, na mpasha habari miaka 20.

Juu ya adhabu ya kifo hatuna mengi. Mahakama ya Juu ya Kenya ilikwisha kuamua, mwezi wa Desemba 2017, kwamba jaji halazimiki tena kuitoa kwa kila muuaji, basi aliyeitoa hapa aliitoa kwa kupima. Na nchi hiyo haijamnyonga mtu tangu mwaka 1987. Linalotushughulisha zaidi ni ile miaka 24 ya askari wa kike. Huyu ndiye aliyekuwa zamu kambini siku hiyo. Yako mazoea katika ofisi za Serikali, bara na visiwani, ya kudhani kuwa aliyeshika ufunguo tu, au aliyefumba macho kwa kuwa aliyeleta mahabusu amemzidi cheo, hana hatia kubwa. Mahakama haikukubaliana na mazoea hayo. Miaka 24 ni umri wa mtoto kuzaliwa, kusoma na kuajiriwa. Kila kijana anayevaa sare kwa mara ya kwanza na kuwekwa kwenye meza ya zamu angesomewa hesabu hiyo kabla hajakabidhiwa kalamu.

Tutaambiwa kuwa yaliyopita yamepita na waovu wamefungwa. Lakini mwezi wa Juni 2025 mwalimu kijana aliyekamatwa magharibi ya Kenya kwa sababu ya maandishi yaliyomgusa mkubwa wa polisi alifia katika kituo kikuu cha polisi cha Nairobi. Taarifa ya kwanza ya polisi ilidai kuwa alijigonga kichwa ukutani. Uchunguzi wa maiti ukaonesha vingine. Miaka tisa imepita kati ya kontena la Syokimau na chumba hicho cha Nairobi.

Na huku kwetu? Hatusemi kuwa yametokea ya namna hii, na hatutaki kumtuhumu mtu kwa lisilokuwapo. Tunachosema ni kuwa kisiwani watu hujuana. Mlalamikaji na askari huswali msikiti mmoja, hupanda jahazi moja, na mara nyingi ni watu wa ukoo mmoja au waliooana. Jambo hilo lina baraka yake, maana aibu ni mlinzi mwema. Lina hatari yake pia: anayetaka kumshitaki askari hana pa kujificha wala kituo kingine cha kwenda, na bahari haimruhusu kuondoka usiku. Mtu wa bara akitishwa aweza kupanda basi. Wetu hungoja boti ya asubuhi, na aliyemtisha pengine ndiye anayekagua tiketi gatini.

Kwa hiyo tunawaomba wakuu wanaohusika, kwa heshima na bila ya kuzunguka, watueleze mambo machache. Ni nani asiyekuwa wa kituo hicho anayefungua kitabu cha matukio na kukilinganisha na watu waliomo ndani, na hufanya hivyo mara ngapi kwa wiki? Raia akimlalamikia askari, je, askari huyo huhamishwa kituo mpaka uchunguzi umalizike, au hubaki pale pale akipishana na mlalamikaji wake? Kesi ya mlalamikaji huyo, ikiwa anayo, yaweza kusikilizwa mahakama ya wilaya nyingine bila ya yeye kulipia nauli? Na je, vipo visiwani vyumba vya mahabusu visivyokuwamo katika orodha ya Serikali, iwe ni ghala, stoo ya nyuma au sanduku la chuma?

Safu hii iko wazi kwa majibu yao, nasi tutayachapisha kama yatakavyoletwa.