Kabla hujapiga ile picha ya majani chai Kericho

KAMA uko mtandaoni, ile picha umeshaiona. Dada amevaa gauni jeupe na kofia pana, amesimama katikati ya chai inayopanda kilima hadi inakutana na mawingu. Chini ameandika "Kericho" na kuweka kamoyo kamoja. Ni picha kali, siwezi kukudanganya. Shida ni kwamba wengi wanaotoka Nairobi wanaifuata hiyo picha peke yake: wanashuka kwenye gari, wanapiga, wanapanda gari. Dakika ishirini hivi, halafu hao, Kisumu.

Haya ni yako wewe unayepanga kwenda wikendi moja na marafiki watatu wanne, mfuko ukiwa si mzito, na ungetaka kurudi na stori ya maana.

Kwanza njia. Wengi hupitia Nakuru, wanakata kushoto Mau Summit na kushuka Kericho. Iko sawa. Lakini ukiniuliza mimi, ingia kwa mlango wa nyuma: Mai Mahiu, Narok, kisha Bomet, halafu Kericho, na kurudi nyumbani kwa Nakuru. Hivyo hupiti barabara moja mara mbili, na utaona nchi ikibadilika rangi ukiangalia dirishani. Narok kuna uwazi na mashamba ya ngano. Ukikaribia Bomet, vilima vinakuja na kijani kinaanza kukolea.

Pili, panga mambo yako ya nje asubuhi. Mvua ya huku ina saa zake. Jua linaweza kuwaka vizuri hadi saa saba mchana, ukadhani umebahatika, kisha saa tisa mbingu zinafunguka. Si ajabu mvua hiyo ikawa ya mawe, na hapo mkulima huwa na roho mkononi kwa sababu mawe yakipiga chai leo, majani ya kuchuma wiki hii yamekwenda. Hiyo mvua ndiyo inayofanya chai imee, kwa hivyo usiilaani. Beba tu koti.

Bomet yenyewe ni mji ambao watalii huupita wakielekea Maasai Mara, na wengi hawajui kwamba Mara wanayoikimbilia inaanzia huku nyuma. Mto Nyangores unatoka msitu wa Mau, unapita Bomet, unaungana na Amala, na hapo ndipo Mto Mara unapozaliwa. Yaani yale maji ambayo nyumbu wanayavuka mamba wakisubiri, umeyaacha Bomet yakipita chini ya daraja na hakuna aliyekutoza hata shilingi ya kuyaangalia.

Mahali pazuri pa kuuona mto huo ni Tenwek, kilomita chache kutoka mjini. Jina hilo wengi wanalijua kwa sababu ya hospitali iliyoanzishwa na wamisionari mwaka wa 1937. Karibu nayo kuna maporomoko ya maji, na tangu miaka ya 1980 maji hayohayo yanazungusha mtambo wa umeme wa hospitali. Kuna watu wanakuja hapo kupiga picha za harusi. Wewe nenda asubuhi, ukae kwenye majabali, usikilize maji. Na usisogee ukingoni ukitafuta selfi. Mawe yale huteleza.

Kutoka hapo sasa unaingia kwenye chai. Na hapa kuna jambo ambalo picha ya dada wa gauni jeupe haikuonyeshi: chai ya huku ni ya aina mbili, na ukijua tofauti utaanza kuisoma nchi kama kitabu.

Ukiona shamba dogo, chai imepakana na mahindi, ng'ombe wawili na nyumba ya mabati, hiyo ni ya mkulima mdogo. Kenya ina zaidi ya wakulima 600,000 wa namna hiyo wanaouza kupitia KTDA, na viwanda vyao utaviona vyenye majina kama Kapkoros, Tirgaga, Mogogosiek na Litein. Kando ya barabara kuna vibanda vya kupimia majani. Mchana utakuta akina mama na vijana wamepanga foleni na vikapu wakisubiri lori. Mkulima hupata malipo kidogo kila mwezi, kisha bonasi mara moja kwa mwaka. Hiyo bonasi ndiyo karo, ndiyo mabati mapya, ndiyo mahari. Na ndiyo kelele pia, kwa sababu bonasi za magharibi mwa Bonde la Ufa huwa chini kuliko zile za kina Kirinyaga na Meru, na kila msimu ukifika mkulima wa Bomet anauliza kwa nini. Ukitaka kuanzisha mazungumzo na mtu yeyote kwenye kibanda cha chai Litein, uliza kuhusu bonasi tu, halafu utulie. Utamaliza vikombe viwili kabla hajamaliza.

Ukiona chai isiyo na mwisho, imekatwa kama zulia, haina nyumba ndani isipokuwa kambi za wafanyakazi zilizopangwa kwa mistari, hiyo ni ya kampuni. Na hiyo ndiyo ya kwenye picha.

Sasa subiri kidogo. Zulia hilo lilitoka wapi? Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia serikali ya kikoloni ilichukua ardhi ya Wakipsigis ikawapa maafisa wa Uingereza waliokuwa wamejeruhiwa vitani, ati walime kitani. Mradi ulianguka haraka. Katikati ya miaka ya 1920 kampuni za Brooke Bond na James Finlay zikaingia, na chai ikapandwa. Waliokuwa wakiishi hapo walisukumwa pembeni. Ukoo wa Talai, uliokuwa na viongozi wa kiroho ambao Waingereza waliwaogopa, ulihamishwa wote mwaka wa 1934 hadi Gwassi, kando ya Ziwa Victoria, mahali pa joto na mbung'o ambapo wengi walifia. Mwaka wa 2019 Tume ya Kitaifa ya Ardhi iliamua kwamba Wakipsigis na Watalai walidhulumiwa. Mwaka wa 2022 walipeleka kesi yao hadi Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Kwa hivyo ukisimama pale ukiambiwa "simama hapo, cheka kidogo", jua umesimama kwenye uwanja wa kesi.

Majina kwenye mabango nayo yamebadilika hadi mtu anachanganyikiwa. Brooke Bond ikawa ya Unilever, Unilever ikauza biashara hiyo ya chai ikaitwa ekaterra, kisha Lipton. Mwaka wa 2023 mashamba ya Finlay yalinunuliwa na Browns ya Sri Lanka, na mwaka uliofuata kampuni hiyohiyo ikakubaliana kununua na ya Lipton. Lakini panda matatu ya kutoka Kericho kuelekea Nakuru umwambie konda "nishukishe Brooke". Atakushukisha. Kituo bado kinaitwa hivyo.

Kuhusu wachumaji. Ukiwaona wamejipanga ndani ya chai na vikapu mgongoni, mikono ikienda mbio, utataka picha. Kila mtu hutaka. Basi fahamu hili: mchumaji hulipwa kwa kilo. Anachuma majani mawili na chipukizi lake, si zaidi, anarusha nyuma ya bega, anasonga. Dakika kumi unazomwambia "angalia huku mama, tabasamu" ni dakika kumi za kilo zake. Salimia kwanza. "Chamgei" inatosha, ukijibiwa "chamgei mising" umeshaanza vizuri. Omba ruhusa, na ukikubaliwa acha kitu kidogo, kisha sema "kongoi". Ukikataliwa, weka simu mfukoni. Hawa ni watu waliopitia mengi: Februari 2023 BBC ilipeperusha makala kuhusu wanawake waliodhulumiwa kingono na wasimamizi kwenye mashamba makubwa ya huku, na dunia nzima ikawaangalia. Si kila mmoja anataka kamera nyingine.

Na huenda siku moja ukafika usipate mchumaji wa kupiga picha. Mashine za kuvuna zimeingia, na mashine moja inafanya kazi ya watu wengi. Mei 2023 waandamanaji walizichoma kadhaa Kericho, na mambo yakaenda mbaya hadi mtu akafa. Vijana wa rika lako ndio walikuwa barabarani siku hiyo. Kampuni zinasema gharama ziko juu. Vijana wanasema ardhi ilichukuliwa na sasa hata kibarua kinachukuliwa. Mimi nawaelewa vijana zaidi, lakini wewe ongea nao ujiamulie.

Jambo la mwisho kuhusu mashamba: ni mali ya watu. Usiruke mtaro ukaingia tu. Uliza langoni. Mara nyingi mlinzi akiona una adabu atakuonyesha mahali pa kusimama. Kutembelea kiwanda inabidi upige simu au uandike barua mapema, na ukifaulu, nenda, hata kama ni kwa ajili ya ile harufu ya majani yakianza kugeuka kahawia.

Kericho mjini sasa. Lile paa refu la vigae utakaloliona kutoka mbali ni Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu, lililofunguliwa mwaka wa 2015. Linakaa watu 1,500. Lilichorwa na kampuni ya John McAslan ya Uingereza, ila ingia ndani uone: mbao ni za mti wa saipresi, na kuna jiwe la sabuni la kutoka Kisii. Jengo linaanza likiwa dogo mlangoni na linazidi kupanuka na kuinuka kadiri unavyokaribia altare. Hata kama wewe si Mkatoliki, hata kama husali kabisa, keti kiti cha nyuma dakika tano. Si wakati wa misa lakini, tafadhali.

Halafu kuna gurudwara, hekalu la Wasikh, ambao wengi wetu tumezoea kuwaita Kalasinga. Hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Linamuenzi Baba Puran Singh, fundi aliyeishi na kufanya kazi Kericho miaka mingi kabla ya kuhamia Uingereza, ambako alianzisha jumuiya kubwa ya Wasikh mjini Birmingham. Leo watu husafiri kutoka huko hadi Kericho kuhiji, wakati wewe wa Rongai hujui hata kama liko. Ukiingia unavua viatu, unafunika kichwa, unaosha mikono, na unapewa chakula. Bure. Dengu, chapati, chai. Hawakuulizi dini wala kabila. Usimwage, usibakishe, na usigeuze kuwa hoteli ya kuokolea bajeti ya siku tatu.

Kama wewe ni wa kwenda Naivasha kila mwaka kushangilia Safari Rally, weka hili akilini: Joginder Singh, aliyeshinda Safari mwaka wa 1965, 1974 na 1976, alizaliwa hapa Kericho. Na Wilson Kiprugut Chumo, Mkenya wa kwanza kabisa kushinda medali ya Olimpiki, shaba ya mita 800 Tokyo mwaka wa 1964, ni mtoto wa Kericho pia. Mji mdogo huu, bana.

Nje kidogo ya mji, barabara ya Nakuru, kuna Chagaik. Ni shamba la miti na bwawa lenye mayungiyungi. Miti ilipandwa na mkulima wa chai aliyeitwa Tom Grumbley miaka ya 1940, na sasa imekuwa mikubwa kiasi kwamba mchana wa jua ndani yake ni kama jioni. Mbega weupe kwa weusi wanarukaruka juu. Beba chakula chako, beba na mfuko wa taka. Liko ndani ya mashamba ya chai, kwa hivyo tena, uliza langoni.

Tea Hotel, ile iliyojengwa na Brooke Bond miaka ya 1950, wazee watakusimulia kwa macho ya mbali. Usipange kulala huko kabla hujapiga simu. Kuna gesti nyingi mjini zenye maji moto, na baridi ya Kericho usiku itakufanya uyathamini.

Ukibaki na nusu siku na una gari, shuka Fort Ternan. Joto linaongezeka, chai inaisha, miwa inaanza kunusa kwa mbali. Hapo ndipo Louis Leakey mwaka wa 1961 alipata mabaki ya Kenyapithecus, nyani wa kale aliyeishi miaka milioni 14 iliyopita. Hakuna mbwembwe: ni kilima, shimo la wachimbuzi, na reli ya zamani karibu. Mwenye kutaka picha kali tu atanuna njia nzima, kwa hivyo chagua wa kwenda naye.

Na kula? Kimnyet, yaani ugali, na isagek, na mursik. Mursik ni maziwa yaliyogandishwa ndani ya kibuyu kilichopakwa makaa ya mti wa senetwet, ndiyo maana yana rangi ya kijivu. Usishtuke. Kunywa kidogo kwanza kama tumbo lako limezoea ya pakiti. Chai yenyewe utaletewa ya maziwa, moto kupita kiasi, na mandazi. Zaidi ya asilimia 90 ya chai ya Kenya huuzwa nje, Pakistan ikiwa mnunuzi mkubwa, kwa hivyo unayokunywa kibandani ni sehemu ya ile kidogo iliyobaki nyumbani. Agiza mbili.