Bajeti ya shirika dogo: kuongeza juu ya ile ya mwaka jana, ao kuanza na zero?

Kila mwisho wa mwaka, ndani ya biro nyingi za mashirika ya Kindu, iwe Kasuku, Mikelenge ao ng'ambo ya mto kule Alunguli, watu wanaandika bajeti. Mara nyingi wanafungua ile ya mwaka uliopita, wanabadilisha tarehe, wanaongeza kidogo kwenye kila mstari, basi kazi imekwisha. Ni njia nyepesi. Lakini mwaka wa 2025 ulionyesha hatari yake.

Tarehe 20 Januari 2025, serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya inje. Tarehe 10 Machi ikatangaza kwamba asilimia 83 ya programu za USAID zimefutwa. Katikati ya hayo, mwisho wa Januari, mji wa Goma uliingia mikononi mwa M23 na mabenki ya kule yakafunga milango. Shirika lenye konti yake Goma lilibaki na makuta kwenye karatasi tu. Kisha, kabla ya mwaka kuisha, dola yenye ilikuwa inabadilishwa kwa zaidi ya franka 2.800 ikashuka chini ya 2.500. Mwenye kupokea dola na kulipa kwa franka alijikuta na upungufu, hata kama mfadhili alituma yote aliyoahidi.

Njia ni zipi?

Ya kwanza ni ile ya kuongezea: unachukua matumizi ya mwaka jana, unapandisha ao unapunguza. Inafaa kwa vitu visivyobadilika sana, sawa vile kodi ya biro ao mlinzi.

Ya pili ni kuanza na zero. Hapa mwaka jana hauhesabiwi. Kila kazi inapaswa kujibu: inasaidia nani, na tukiiacha kutatokea nini? Njia hii ilienezwa na Peter Pyhrr wa kampuni Texas Instruments karibu na mwaka wa 1970, kisha Jimmy Carter akaitumia akiwa gavana wa Georgia, kule Marekani. Inaonyesha ukweli, lakini inakula muda mwingi. Shirika la watu wanne haliwezi kuifanya juu ya kila kalamu.

Ya tatu ni bajeti ya kazi kwa kazi. Badala ya kuandika tu "usafiri", "vifaa", "primu", unaandika kila kazi na gharama yake yote.

Tuchukue mfano wa kuwaza tu. Shirika moja linafundisha akina mama kusoma na kuandika katika vituo vitano. Mwaka jana lilitumia dola 10.000. Mwaka huu mfadhili anatoka, zinabaki 6.000. Wakifuata njia ya kwanza, wanakata asilimia 40 kwenye kila mstari. Mwalimu aliyepata primu ya dola 40 kwa mwezi anapata 24. Anaacha kazi, na vituo vyote vitano vinakufa polepole.

Wakihesabu kazi kwa kazi, wanagundua jambo lingine. Kituo kimoja kinakula dola 1.100 kwa mwaka: walimu wawili kwa miezi kumi ni 800, vitabu na chaki 200, bwato ya kuvuka Lualaba 100. Vituo vitano ni 5.500. Basi biro peke yake ilikula 4.500, na hakuna aliyeona, ju ya kila kitu kilikuwa kimechanganywa. Kwa 6.000 wanaweza kushika vituo vitatu vizima, 3.300, na biro ya 2.700. Ni uchungu kufunga viwili, lakini akina mama wa vile vitatu watamaliza masomo yao.

Kwa mashirika mengi ya hapa kwetu, mchanganyiko ndio unafaa: kuongezea kwa gharama za kudumu, na kazi kwa kazi kwa yale mnayofanyia watu. Zero muitumie pale mfadhili anapotoka ao mradi mpya unapoanza.

Njia yoyote mtakayochagua, kuna mambo matatu ya kushika. Tenganisheni makuta yenye mkataba umetiwa sahihi na yale ya ahadi. Mshahara usitegemee ahadi. Andikeni kalenda ya kila mwezi: nini kinaingia, nini kinatoka, na kwa makuta gani. Dola 1.000 kwa 2.800 ni franka 2.800.000, kwa 2.400 ni 2.400.000. Zile 400.000 zinaweza kuwa primu ya watu. Tena, mrudilie bajeti kila miezi mitatu.

ASBL zinaongozwa na sheria ya tarehe 20 Julai 2001, na tangu 1 Januari 2024 mfumo wa mahesabu wa OHADA kwa mashirika yasiyotafuta faida, SYSCEBNL, umeanza kazi. Mkipanga mistari ya bajeti sawa na ya mahesabu tangu mwanzo, ripoti ya mwisho wa mwaka haitawatesa.

Na kabla ya kupitisha bajeti, isomeni kwa sauti mbele ya wanachama, kwa Kiswahili, siyo Kifaransa tu. Mama mwenye kutoa mchango wake kila mwezi ana haki ya kuuliza kwa nini biro inakula 4.500.