Hitilafu za kuwasha Linux kwa flashi

Hitilafu za kuwasha Linux kwa flashi ni matatizo yanayotokea pale kompyuta inaposhindwa kuanza kwa mfumo wa uendeshaji wa Linux uliowekwa kwenye flashi ya USB. Flashi ya namna hiyo hutumika kujaribu Linux bila kugusa diski ya ndani, kuisakinisha, au kuokoa mafaili ya kompyuta ambayo mfumo wake umeharibika. Kompyuta huwaka kwa hatua zinazofuatana, hivyo mahali inapokwama huonyesha chanzo cha tatizo.

Aina za flashi

Flashi ya kisakinishi huandikwa kutokana na faili ya ISO kwa programu kama Rufus, balenaEtcher au amri ya dd. Kwa kawaida haihifadhi kazi: mtumiaji akiandika barua kisha akazima kompyuta, barua hupotea, isipokuwa flashi imetengewa sehemu ya kuhifadhia. Aina ya pili ni flashi ambayo Linux imesakinishwa ndani yake kama kwenye diski ya kawaida. Hiyo hutunza mafaili na mipangilio.

Dalili na vyanzo

* Flashi haionekani kwenye menyu ya kuwashia. Menyu hiyo hufunguliwa kwa F12 katika kompyuta nyingi za Dell na F9 katika nyingi za HP. Mara nyingi faili ya ISO ilinakiliwa kama faili ya kawaida badala ya kuandikwa kwa programu inayofaa, au iliharibika wakati wa kupakuliwa. Uharibifu hugunduliwa kwa kulinganisha namba ya SHA256 ya faili na ile iliyotangazwa na watengenezaji. Kompyuta za UEFI zenye biti 64 za Intel na AMD hutafuta faili BOOTX64.EFI ndani ya folda EFI/BOOT. Zile za zamani zenye BIOS husoma mwanzo wa diski.
* Flashi inaonekana lakini inakataliwa. Ulinzi wa Secure Boot huzuia programu isiyo na saini inayotambuliwa. Ubuntu na Fedora zina saini hiyo; baadhi ya matoleo mengine hayana.
* Kompyuta inasimama kwenye initramfs. Linux imeanza lakini haioni sehemu yenye mfumo. Jina kama /dev/sdb hubadilika kutoka kompyuta moja hadi nyingine, kwa hiyo hutumika namba ya UUID isiyobadilika.
* Skrini inabaki nyeusi. Mara nyingi tatizo ni programu ya kuendesha kadi ya picha. Neno nomodeset huongezwa kwenye mstari wa kuanzisha Linux ili skrini ionekane kwa muda.

GRUB kwenye diski isiyo yake

GRUB ni programu ndogo inayouita mfumo wa uendeshaji. Linux inaposakinishwa ndani ya flashi, kisakinishi huweza kuiweka GRUB kwenye diski ya ndani ya kompyuta. Matokeo yake ni mawili: flashi haiwaki kwenye kompyuta nyingine, na kompyuta yenyewe, flashi ikichomolewa, huonyesha alama ya grub> badala ya Windows. Wengi hudhani Windows imefutwa, wakaanza kuisakinisha upya na kupoteza mafaili yaliyokuwa salama. Katika kompyuta ya UEFI, kuchagua Windows Boot Manager kwenye menyu ya kuwashia kwa kawaida huirudisha. Flashi hurekebishwa kwa amri ya grub-install yenye chaguo la --removable, ikielekezwa kwenye sehemu ya EFI ya flashi yenyewe. Kinga iliyo wazi zaidi ni kuichomoa diski ya ndani kabla ya kusakinisha, inapowezekana.

Tahadhari

Kabla ya kuzima Secure Boot kwenye kompyuta yenye Windows, ni lazima kujua kama diski imefungwa kwa BitLocker. Windows inaweza kudai ufunguo wa kurejesha wenye tarakimu 48, na bila ufunguo huo mafaili hayasomeki tena.

Amri ya dd haiulizi swali kabla ya kufuta. Kwa hiyo jina na ukubwa wa flashi huhakikiwa kwanza kwa amri ya lsblk: flashi ya GB 16 haiwezi kuonekana kama diski ya GB 500. Mafaili muhimu hunakiliwa mahali pengine kabla ya kazi kuanza.